Maswali na Majibu: Gitaa Lako Umelifanyia Nini?

Toleo lililopita niliwaomba mnitumie picha za magitaa yenu na mniambie mmeyabadilisha nini na kwa nini, na kwa kweli mmeitikia. Nimeona magitaa yaliyopakwa rangi upya sebuleni, nimeona ampu iliyojengwa ndani ya sanduku la redio ya zamani, nimeona pikapu tatu (zile sumaku za waya zinazonasa sauti ya nyuzi) kwenye mwili uliotengenezewa mbili. Nimezisoma barua zote, nyingine mara mbili. Siwezi kujibu kila mtu hapa, kwahiyo nimechukua maswali yanayojirudia na yale ambayo nikiyaacha najua kuna mtu ataharibu gitaa zuri.

Fundi habari za kazi. Gitaa langu ni la umeme, umbo la Stratocaster ya kampuni ya Fender, lina ule mkono wa kutikisa sauti. Nikipiga solo nikavuta uzi wa tatu mara mbili tatu tayari limetoka kwenye tyuni, na nikigusa mkono ndo kabisa. Rafiki yangu ananambia nibadilishe funguo zote sita za kichwani niweke zile zinazobana uzi. Nimeshaanza kukusanya hela. Ni sahihi?
*Solo Ndefu*

Solo Ndefu, hela hiyo iache hapo hapo ilipo kwanza. Funguo za kichwani zinasingiziwa sana, na kwa magitaa niliyoyashika mimi mara nyingi mkosaji hua amekaa sentimita chache tu kutoka hapo, ni nati, kile kijiti chenye mifereji sita mwanzo wa shingo.

Fanya jaribio hili kabla hujanunua chochote. Tyuni uzi wa tatu uwe sawasawa, uvute kama unavyovuta kwenye solo, uachie, angalia tyuna. Utakuta umeshuka kidogo. Sasa usiguse ufunguo, weka kidole nyuma ya nati, pale kati ya nati na ufunguo, bonyeza uzi mara moja uachie, halafu angalia tena. Ukikuta umerudi ulipokua basi umempata mwizi. Maana yake ulipovuta, kipande kidogo cha uzi kiliteleza kutoka upande wa kichwa kikaja upande wa kupigia, na ulipoachia kikashindwa kurudi kwa sababu mfereji wa nati umekibana. Kwenye mkono wa kutikisa inakua kinyume, ukiuzamisha nyuzi zinalegea, zinarudi nyuma kichwani, zikitaka kuja tena mbele zinang'ang'ania, ndo maana ukiachia mkono unakuta gitaa limepanda badala ya kushuka. Na kuna dalili nyingine ambayo ukishaisikia huisahau, unatyuni polepole, sauti haisogei, haisogei, halafu unasikia "tik!" na sauti inaruka kupita pale ulipopataka. Hiyo tik ni uzi unajinasua.

Dawa ya kwanza ni penseli. Chukua penseli laini, 2B au zaidi, legeza uzi mmoja mmoja uutoe kwenye mfereji, chora ndani ya mfereji mpaka uwe mweusi, rudisha uzi, fanya hivohivo na pale chini ya kile kidude kinachokandamiza uzi wa kwanza na wa pili kichwani. Unga wa penseli unateleza, kazi imekwisha, wengi wenu hamtahitaji kitu kingine. Kama bado inabana basi labda umepandisha saizi ya nyuzi na mifereji ilichongwa kwa nyuzi nyembamba zaidi, hapo ni tupa za nati zenye upana kamili, na ukichonga unasafisha kuta za pembeni tu, sakafu ya mfereji usiiguse, maana ukishuka chini hata kidogo sana uzi utaanza kukwaruza kwenye freti ya kwanza, yaani kile chuma chembamba cha kwanza kinachokatisha shingo, na hapo nati ndo imekufa.

Halafu angalia na nyuzi zenyewe umezifungaje. Mizunguko miwili au mitatu kwenye mti wa ufunguo inatosha, ikishuka chini kwa mpangilio bila kupandiana. Nyuzi mpya zivute kwa mkono, kila moja, tyuni, vuta tena, mpaka zikome kushuka.

Na mkono wenyewe, fungua mfuniko wa nyuma utaona springi, tatu au mpaka tano, zinavutana na nyuzi. Seti ya 10 mpaka 46, yaani unene wa uzi mwembamba mpaka mnene kwa elfu za inchi, kwenye gitaa la umbo lako inavuta jumla kama kilo 47, seti ya 9 mpaka 42 inavuta kama kilo 39. Kwahiyo ukibadilisha saizi ya nyuzi umeondoa au umeongeza kilo kama nane upande mmoja wa mizani na daraja, pale nyuzi zinaposhikwa mwilini, lazima liiname. Usishangae, kaza au legeza zile skrubu mbili ndefu zinazoshika springi mpaka daraja likae kama lilivyokua.

Haya nayasema kwa uchungu maana gitaa langu la pili nililibadilisha funguo zote sita kwa tatizo hilihili. Zile mpya skrubu zake hazikulingana na matundu ya zamani, nikatoboa mapya. Jioni ile nikafunga nyuzi, nikavuta uzi wa tatu, tik. Yale matundu sita yapo nyuma ya kichwa mpaka leo.

Shikamoo fundi. Mi nina gitaa la mbao nimerithi kwa baba mdogo, lina sauti nzuri sana ila nyuzi ziko juu, vidole vinauma mpaka nakata tamaa. Nimepima kwenye freti ya 12, uzi mnene uko milimita 4 juu ya freti. Naweza kusugua kile kijiti cheupe cha darajani mwenyewe? Nisugue kiasi gani?
*Binti wa Nyuzi za Shaba*

Marahaba mwanangu, na nakupongeza umepima kabla ya kuuliza, wengi wanasugua kwanza. Ndio unaweza, ila kijiti ndo kinakua cha mwisho. Kuna vitu viwili mbele yake.

Kwanza shingo. Shingo hua haitakiwi kunyooka kabisa, inatakiwa ijikunje kidogo sana kuelekea mbele ili nyuzi zipate nafasi ya kucheza. Weka kapo, kile kibanio cha nyuzi, freti ya kwanza, bonyeza uzi wa sita pale shingo inapokutana na mwili, sasa uzi wenyewe umekua rula. Angalia nafasi kati ya uzi na freti ya saba. Huhitaji kifaa cha kupimia, chukua kipande cha uzi wa kwanza wa gitaa la umeme, saizi 10, unene wake ni robo milimita, upitishe pale. Ukipita ukigusa kidogo juu na chini basi shingo iko vizuri. Ukipita huku unaelea na nafasi imebaki kubwa, shingo imejikunja kupita kiasi, na hapo unakaza kile chuma cha ndani ya shingo kwa alenki, kulia, robo mzunguko tu, unatyuni, unaliacha gitaa lipumzike, unapima tena. Robo mzunguko. Ukikuta kigumu acha, usilazimishe, chuma hicho kikikatika ni habari nyingine kabisa. Na hakikisha kipo, magitaa mengine ya zamani hayana chuma cha kurekebisha.

Pili, angalia daraja lenyewe. Nyuzi za gitaa la mbao, seti ya 12 mpaka 53, zinavuta zaidi ya kilo 70, kila siku, miaka na miaka. Chukua kipande cha karatasi ujaribu kukiingiza nyuma ya daraja, kati ya daraja na ubao. Kikiingia basi gundi imeanza kuachia na hilo linapandisha nyuzi, ukisugua kijiti utakua unaficha ugonjwa. Gitaa lililoachwa ndani ya gari juani gundi yake hua inalainika na daraja linaanza kunyanyuka, nimeliona hilo kwa macho yangu zaidi ya mara moja.

Kama vyote viwili viko sawa, sasa twende kwenye kijiti. Kanuni yake ni kwamba freti ya 12 iko katikati ya uzi, kwahiyo ukitaka kushusha milimita 1 pale, lazima uondoe milimita 2 kwenye kijiti. Wewe uko 4, tuseme unataka 2.5, ni milimita 1 na nusu, kwahiyo kijiti kipungue milimita 3. Pima kijiti kimetokeza kiasi gani juu ya daraja. Kikiwa kimetokeza milimita 5 au 6 una nafasi. Kikiwa kimetokeza 3 tu huna, ukisugua nyuzi zitakosa ule mkunjo wa kushuka nyuma ya kijiti na sauti itafifia, hapo tatizo ni pembe ya shingo na mwili na hiyo ni kazi ya fundi mwenye kuifungua shingo, sio ya mezani kwako.

Ukiwa na nafasi, toa nyuzi, toa kijiti, chora mstari kwa penseli upande wa chini, bandika msasa namba 180 kwenye meza iliyonyooka, na usugue chini, juu usiguse kabisa maana juu kuna umbo lililochongwa kwa kila uzi. Shika kijiti wima, geuza upande kila baada ya misuguo kumi maana mkono hua unaegemea upande mmoja bila wewe kujua. Fika nusu ya mstari, rudisha, tyuni, piga, sikiliza, halafu endelea. Na kama unaweza nunua kijiti cha pili usugue hicho, kile cha baba mdogo kihifadhi kama kilivyo.

Mkuu, nina gitaa lenye pikapu tatu za singo koili na linavuma mpaka linakera, hasa nikiweka distoshen. Nataka nitoe ya darajani niweke hambaka kama ile niliyosikia kwenye gitaa la jamaa yangu. Itaondoa kuvuma? Na ni kubadilisha tu pikapu au kuna kingine?
*Mvumo*

Itaondoa sehemu kubwa ya mvumo, ukiwa umechagua hiyo pikapu. Ukihamia ya shingoni mvumo unarudi.

Ngoja nieleze mvumo ni nini maana nusu ya barua za toleo hili zinauhusu. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mizunguko. Uzi ukitikisika juu yake unazalisha umeme kidogo, ndo sauti yako. Lakini waya uleule unapokea na chochote kingine kilichopo hewani, na umeme wa nyumbani unatikisika mara 50 au 60 kwa sekunde kutegemea nchi, kwahiyo transfoma, taa, skrini, vyote vinaimba ndani ya gitaa lako. Singo koili ina koili moja tu ya waya huo. Hambaka ilitatua hivi, koili mbili zimekaa pamoja, zimezungushwa kinyume na sumaku zake pia zimegeuzwa kinyume. Sauti ya uzi inageuzwa mara mbili kwahiyo inajumlishwa, mvumo haujali sumaku, unageuzwa mara moja tu, kwahiyo wa koili hii unafuta wa koili ile. Seth Lover aliyekua fundi wa kampuni ya magitaa ya Gibson aliomba hataza yake mwaka 1955 na kufikia 1957 zilikua zimeshaanza kuwekwa kwenye magitaa yao. Napenda sana kuifikiria ile hesabu, ni nzuri mno.

Na gitaa lako linaweza kua na nusu ya jibu tayari. Magitaa mengi ya pikapu tatu, ile ya katikati imezungushwa kinyume makusudi. Weka swichi nafasi ya pili au ya nne, zile zinazounganisha mbili, usikilize. Mvumo ukipungua basi ndo hivo.

Jaribio lingine, gusa nyuzi kwa mkono. Mvumo ukipungua ukigusa, kawaida, waya wa ethi upo. Ukizidi ukigusa kuna waya umekatika au umeungwa vibaya, na hilo hambaka haitalitibu. Wengine wamenitumia picha wameweka karatasi ya shaba ndani ya mashimo yote na kuiunga na ethi, kazi safi sana, na inasaidia kwa ile mikwaruzo mikali ya dima na skrini, ila mvumo mnene wa transfoma unapita kwenye shaba nyembamba kama haupo.

Sasa ukiamua kubadilisha. Jambo la kwanza ni poti, yaani volyumu na toni. Singo koili hua zinakaa na poti za 250k, yaani kilo-omu 250, hambaka na 500k. Ukiweka hambaka kwenye 250k sauti inakua nene lakini kama imefunikwa blanketi, na hapo watu wanailaumu pikapu bure. Ukiweka 500k kwa zote, zile singo koili mbili zilizobaki zinakua kali zaidi masikioni. Mimi hua naweka 500k kwenye volyumu halafu kwa singo koili nashusha toni kidogo, ni suala la sikio lako. Jambo la pili ni tundu, hambaka ya kawaida ni pana, utachonga mbao. Zipo za umbo jembamba zinazoingia kwenye tundu la singo koili bila kukata kitu na kama gitaa unalipenda mi ningeanzia huko. Mpiga gitaa Eddie Van Halen alichukua hambaka kutoka kwenye Gibson akaichomeka kwenye mwili wa umbo la Stratocaster na akaacha kitufe kimoja tu cha volyumu, lakini ule mwili aliupata kama mabaki ya kiwandani, hakua anachonga urithi wa mtu.

Na kabla ya yote hayo, tafadhali, shika bisibisi ushushe au upandishe pikapu ulizonazo. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho upime kutoka chini ya uzi mpaka juu ya pikapu, kwa singo koili anzia milimita 2.4 upande mnene na 2 upande mwembamba. Nimekuta magitaa pikapu ziko karibu kiasi kwamba sumaku inauvuta uzi wa sita unatoa sauti mbili zinazogombana, mwenyewe anadhani gitaa halishiki tyuni. Nusu mzunguko wa skrubu, gitaa jipya.

Fundi, natumia pedali tano na kuna mlio wa juu kama mbu hauishi. Pia zipangweje?
*Tano Chini*

Mbu huyo mara nyingi anatoka kwenye umeme. Kama zote tano zinakula kwenye adapta moja kwa waya wa matawi, toa moja moja mpaka mlio ukate, mara nyingi ni ile ya kidijitali, hiyo ipe adapta yake. Nyingi ni volti 9 na hasi iko katikati ya plagi, ila soma kila moja usibahatishe. Mpangilio, tyuna, wawa, fazi (ile ya kukwaruza sauti), ovadraivu, zile za kuzungusha sauti, dilei, riveba mwisho. Fazi ya zamani yenye transista za jamaniamu haipendi kutanguliwa na pedali yenye bafa, ile saketi inayoimarisha mawimbi ya gitaa, iweke mwanzo kabisa karibu na gitaa. Mengine jaribu kinyume na nilivyosema, kuna watu wanaweka dilei kabla ya ovadraivu na inapendeza.

Kaka, mimi na mzee wangu tunajenga gitaa la umeme kutoka mbao za kitanda cha zamani. Mwili tumemaliza. Tumekwama kwenye freti, tunapimaje? Tumejaribu kunakili kwa macho kutoka gitaa lingine halikubali.
*Kitanda*

Barua hii imenifurahisha kuliko zote na picha yenu nimeibandika ukutani. Mko kwenye njia nzuri, Brian May, mpiga gitaa wa bendi ya Queen, alianza kujenga gitaa lake na baba yake mwaka 1963, shingo waliichonga kutoka mbao ya fremu ya meko ya kale, springi za mkono wa kutikisa zilitoka kwenye injini ya pikipiki kuukuu, na akapiga nalo maisha yake yote ya muziki.

Freti huwezi kunakili kwa macho kwa sababu urefu wa uzi wenu hauwezi kua sawa na wa gitaa mnalonakili isipokua mmeamua hivo. Amueni kwanza urefu kutoka nati mpaka darajani. Tuseme milimita 648, ule wa Fender. Gawanya kwa 17.817, unapata 36.37, hiyo ni freti ya kwanza kutoka kwenye nati. Toa, imebaki 611.63, gawanya tena kwa 17.817, unapata 34.33, kwahiyo freti ya pili iko 70.70 kutoka kwenye nati. Endelea hivohivo. Mtajua mko sahihi mkifika ya 12, lazima iangukie 324, nusu kamili. Ya tano ni 162.55 na ya saba ni 215.51, mjipime na hizo njiani.

Ila mkichora, kila freti pimeni kutoka kwenye nati, rula isinyanyuke. Mkipima kutoka freti moja kwenda nyingine kosa dogo la unene wa penseli linarithiwa na inayofuata, mpaka kufika ya 12 mmeshapotea milimita nzima na hakuna daraja litakalowaokoa. Tumieni kisu chenye ncha badala ya penseli, na msumeno wa meno membamba unaolingana na mguu wa freti, jaribuni kwanza kwenye kipande cha mbao ileile.

Daraja msiliweke 648 kamili. Uzi ukibonyezwa unavutika kidogo na sauti inapanda, kwahiyo njia ya kila uzi inatakiwa iwe ndefu kidogo, kama milimita 2 kwa uzi wa kwanza mpaka 5 hivi kwa wa sita. Tumieni daraja lenye vipande vinavyosogea. Mwisho pigeni sauti ya kengele juu ya freti ya 12, kidole kikigusa uzi tu bila kuubonyeza, halafu bonyezeni hapohapo mpige. Iliyobonyezwa ikiwa juu, kipande kirudi nyuma. Ikiwa chini, kije mbele.

Mi ni wa mkono wa kushoto. Nigeuze gitaa la kulia?
*Shoto*

Inawezekana, mpiga gitaa Jimi Hendrix aligeuza Stratocaster za kulia akabadili mpangilio wa nyuzi. Lakini nati lazima ibadilishwe, uzi mwembamba ukikaa kwenye mfereji wa uzi mnene utalia kama nyuki na kuhamahama. La umeme basi, darajani unasogeza vipande na umemaliza. La mbao kijiti cha daraja kimelala upande kwa ajili ya mkono wa kulia, ukigeuza tu halitakaa kwenye tyuni kadri unavyopanda shingo. La mbao nunua la kushoto.

Ampu yangu ya tyubu imeanza kutoa sauti ya kukaanga na kupungua nguvu. Nimeangalia ndani naona inafunguka kwa skrubu nne tu. Nianze na kubadilisha nini?
*Skrubu Nne*

Usianze. Naomba unielewe ndugu yangu, hapa sio suala la kuharibu kifaa. Ndani ya hiyo ampu kuna kapasita zinazobeba volti 300, 400 na zaidi, na zinaweza kuushikilia umeme huo hata baada ya kuzima na kuchomoa plagi. Inaua. Mtu asiyejua kuzimaliza chaji kwa njia salama na kuhakikisha kwa mita hatakiwi kuingiza mkono.

Unachoweza kufanya bila kufungua, jaribu waya mwingine, jaribu gitaa lingine, chomeka gitaa moja kwa moja bila pedali. Kama kukaanga kupo hata bila kuchomeka chochote, mpelekee fundi wa ampu za tyubu umwambie hivohivo ulivyonambia mimi. Na kamwe usiiwashe spika ikiwa imechomolewa, transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua.

Fundi, napiga rizimu kwenye bendi ya rumba. Nimesikia wapigaji wa rumba ya Kongo walikua na mtindo unaitwa mi-composé, wanabadilisha uzi wa nne. Wanafanyaje na gitaa langu litavumilia?
*Kati ya Solo na Rizimu*

Nimekua nikisubiri mtu aniulize hili. Ni badiliko dogo kuliko yote kwenye ukurasa huu, halichongi mbao, halina waya, na linageuza gitaa kua chombo kingine.

Unatoa uzi wa nne, ule wa D uliosokotwa, unaweka mahali pake uzi mwingine wa kwanza, mwembamba, unautyuni D ya juu, oktavi moja zaidi. D hiyo iko chini ya E ya uzi wa kwanza kwa toni moja tu, kwahiyo uzi wa saizi 10 unafika pale kwa raha na hauko kwenye hatari ya kukatika. Sasa katikati ya nyuzi nene kuna moja inayong'aa. Ukipiga zile akodi zako za kila siku na kuzicharaza uzi mmoja mmoja, vidole havijabadilika lakini noti moja imeruka juu, mzunguko unajisuka wenyewe, unakaa juu ya rizimu na chini ya solo, pale ambapo kwenye bendi hua pana uwazi. Shika C ya kawaida, piga nyuzi kuanzia ya tano kwenda ya kwanza polepole, utasikia ile ya nne inavyochomoza kabla ya wakati wake. Mi mara ya kwanza nilikaa na akodi hiyo moja kwa muda mrefu sana, sikutaka kwenda kwenye nyingine.

Gitaa litavumilia, mvuto hautofautiani sana, uzi wa nne wa seti ya 10 unavuta kama kilo 8 na huo mwembamba ukiwa D utavuta kama kilo 6. Pa kuangalia ni palepale nilipomwambia Solo Ndefu, nati. Mfereji wa nne ni mpana, uzi mwembamba utacheza humo na utakwaruza. Suluhisho la haraka ni kukata kipande cha karatasi ngumu, ukikunje kama herufi V ukilaze ndani ya mfereji, uzi ukae juu yake, kinadumu wiki kadhaa. Ukishaupenda mtindo tengeneza nati ya pili yenye mfereji mwembamba pale na ile ya kwanza ihifadhi. Darajani sogeza kipande cha uzi wa nne mbele maana uzi mwembamba usiosokotwa hauhitaji njia ndefu kama ule mnene, pima kwa kengele ya freti ya 12 kama nilivyowaambia Kitanda.

Ukilifunga, rekodi hata kwa simu, uniletee nisikie.